Barua ya wazi kwa wenye kushika orodha katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu

Kwa maofisa wa Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi mnaosimamia wakimbizi. Kwa UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, na mashirika mnaofanya nayo kazi Kigoma. Na kwa viongozi wetu wenyewe wa zoni na vijiji, maana nanyi mna orodha zenu.

Waheshimiwa,

Shikamooni. Mama yangu angewaambia "jambo", akangoja mumwitikie "jambo", yakaisha. Shuleni nilifundishwa kusema bonjour. Shikamoo niliipata mlangoni pa ofisi moja nikiwa mtoto, kwa askari aliyenirudisha nyuma mara mbili mpaka nikaitoa sawasawa. Siku hizi inatoka yenyewe. Nawaandikia kwa Kiswahili hichohicho chenye salamu tatu, mtaniwia radhi kikipinda mahali.

Nimezaliwa hapa Nyarugusu. Mama alivuka ziwa mwishoni mwa 1996 akiwa na mimba yangu, vita vilipofika upande wa Fizi, mashariki ya Kongo. Walipanda boti ya wavuvi usiku, wakashukia Kigoma, wakapakiwa kwenye malori hadi pori la Kasulu ambalo ndiyo kwanza lilikuwa limeanza kuitwa kambi. Mimi ni mwalimu, wa wale tunaoitwa wa motisha, kwa sababu mkimbizi hapewi mshahara, anapewa motisha. Nafundisha jiografia. Mtaala ni wa Kongo, lugha ni Kifaransa, na wanafunzi wakimaliza wanakaa kwenye Examen d'État, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, kama wenzao wa Uvira na Kisangani. Kila mwaka nachora ubaoni mto Kongo, ule upinde wake mkubwa unaokata mstari wa ikweta mara mbili, nami mto huo sijauona. Hata Ziwa Tanganyika sijaliona vizuri. Kigoma nimefika mara moja, usiku, ndani ya gari la wagonjwa nimeshika mkono wa mama. Niliona taa chache kule chini, nikaambiwa pale ndipo kwenye maji.

Haja yangu ni orodha, zile zinazoamua nani apate turubai au kazi na nani angoje. Kuhusu chakula wamekwisha kusema wengi. Mwaka 2023 posho ilipokatwa hadi nusu tulilia sana, na tunajua wenye mkoba hawakai Kasulu. Uraia pia siuombi katika barua hii. Warundi wa 1972, wale wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, walikaa miaka zaidi ya 40 kabla ya vyeti vyao kutolewa kuanzia 2014, watu zaidi ya 160,000, na hao walikuwa na mashamba yao na tumbaku yao. Sisi tuna turubai. Ninachoomba kinahitaji karatasi, gundi na ubao, na kabla ya kukitaja nataka kuwasimulia jambo ambalo silisemi kwa kujisifu.

Miaka michache iliyopita kijiji chetu kilichagua mwenyekiti. Walioshindana kweli ni wawili, wa makabila mawili ya Kongo. Mmoja Mfuliru, mwalimu wangu wa hesabu wa zamani, mtu aliyemaliza ugomvi wa bombani kwa kukaa pale na daftari akiandika nani amefika saa ngapi na ndoo ngapi. Wa pili Mbembe mwenzangu, mwenye maneno matamu, ambaye mwaka mzima hatukumwona akishughulikia lolote isipokuwa harusi. Kura yangu nilimpa Mbembe.

Paa la mama lilikuwa linavuja upande wa kitanda. Turubai lilikuwa limechanikia kwenye fito, naye akalishona kwa uzi wa kiroba, kisha likavuja kwenye kila tundu la sindano. Ukishona turubai umetengeneza chujio. Kila alipoulizia alijibiwa kwamba jina lake "limepanda". Limepanda kwenda wapi? Kutoka kijijini kwenda zoni, kutoka zoni kwenda ofisini. Ni la ngapi? Mbele yake wako akina nani, nao wametangulia kwa sababu gani? Hapo kila mtu alikuwa na jibu lake, na hakuna aliyekuwa ameiona karatasi yenyewe. Usiku wa kuamkia uchaguzi mjomba wangu akaja kukaa mlangoni, akasema: "Mwipwa wangu, ukiwa na mtu wetu pale, hata kama kazi haijui, jina la mama yako atalisoma kwa sauti."

Basi nikapiga kura ya turubai. Huyo bwana alishinda, na turubai likaja baada ya wiki tatu. Ng'ambo ya njia anakaa mjane, Mfuliru, nyumba yake imeinama kama mtu anayeumwa kiuno. Yeye hakupata. Mpaka leo sijui kama jina lake lilikuwa juu ya jina la mama au chini yake. Naye hajui, na kwa kuwa hajui ameamua mwenyewe, na sina cha kumlaumu. Tangu mvua ile akinipita ananisalimia huku anatazama pembeni.

Wageni wanaokuja kutuhoji wakiwa na vinasa sauti huuliza sana habari za ukabila. Wanataka kujua tuliutoaje Kongo, tuliubebaje. Nami sikatai kwamba tulibeba. Kila upande kati yetu una kijiji chake cha kulilia. Wabembe tuna Makobola, mwisho wa 1998 na mwanzo wa 1999. Banyamulenge, Watutsi wa milima ya Kivu ya Kusini, wana Gatumba, ng'ambo ya mpaka Burundi, usiku wa tarehe 13 Agosti 2004. Watu waliokufa huko ni ndugu za watu wanaochota maji hapa kwenye bomba moja. Lakini mimi katika ule uchaguzi sikupiga kura kwa ajili ya Makobola. Wakati wa Makobola nilikuwa na mwaka na miezi, hapahapa Nyarugusu, najifunza kutembea. Ukabila niliopiga nao kura nimeupata kambini, kwenye foleni, kwa sababu kuna karatasi yenye jina la mama yangu nisiyoruhusiwa kuiona, na njia niliyoijua ya kuifikia ilikuwa kuwa na mtu.

Kama mnaona natunga, njooni sokoni. Acheni gari mbali, mje kwa miguu. Mtamkuta mama wa Kibembe ameleta kopo tatu za unga wa mahindi wa posho, anataka muhogo, kwa sababu bugali kwake ni wa muhogo, huo wa mahindi anaula kwa kuwa hana la kufanya. Mwenye muhogo ni Mha, mwenyeji Mtanzania wa vijiji vya Makere. Katikati yao yuko Mrundi aliyekuja 2015, mmoja wa wale waliorundikana Kagunga kule ufukweni mpaka meli ya Liemba ikaja kuwasomba, naye anauza ndagala. Mha na Mrundi wanapatana bei kila mmoja kwa lugha yake, maana Kiha na Kirundi ni chanda na pete. Kwa mama wa Kibembe wanageukia Kiswahili. Yeye anasema "iko bei gani", wao wanamcheka kidogo kwa hiyo "iko", naye anawacheka kwa namna wanavyotamka jina la kijiji chake, mambo yanakwenda. Sijawahi kusikia mtu pale akisema "mnitafutie mtu wetu". Wa kazi gani? Fungu la ndagala liko juu ya gunia, kila mwenye macho analiona, na aliyefika kwanza anajulikana kwa sababu tumemwona akifika.

(Nanyi soko hilo mmekuwa mkilibana mwaka hadi mwaka, na ule mpango wa kutupa fedha mkononi badala ya unga mliusimamisha 2017. Lakini hiyo ni barua nyingine.)

Tena huyo Mha na huyo Mbembe hawaanzi kujuana leo. Ujiji imejaa Wamanyema ambao asili yao ni Maniema kule Kongo, waliokuja na misafara ya karne ya 19, na leo nani atawaambia si wenyeji wa Ujiji? Wapo Wabembe wa Kigoma ambao ni Watanzania tangu babu, wanavua ziwa lilelile kwa nyavu zilezile. Sitashangaa siku nikikuta ofisa anayenisainia kibali cha kutoka babu yake na babu yangu walitoka kilima kimoja. Tofauti yetu itakuwa mwaka wa kuvuka. Wake alivuka kabla ya kalamu, wangu walivuka wakati Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inakaribia kuandikwa.

Sasa jina. Jina la babu yangu linaanza na M mbili, na katikati yake kuna kituo kidogo juu, ukilitamka unafunga midomo kidogo kabla ya kuendelea. Ndivyo yalivyo majina mengi ya Kibembe. Karani mmoja, ofisi siitaji, akaandika M moja. Mama hakusoma, akaweka kidole. Mimi nilipofika umri wa kufanya mtihani shule ikaniandika kwa M mbili kama baba alivyowaambia. Nikawa watu wawili: mmoja anakula posho, mwingine ana cheti. Kuwaunganisha hao wawili kumenichukua miaka minne ya kusimama kwenye madirisha, na dirishani ukisema "hilo si jina langu" anayekusikiliza anawaza kwanza kwamba unadanganya. Sikasiriki naye. Amedanganywa sana.

Maana kudanganya tumejifunza, hilo nalo niliseme. Mwaka 2015 ilipojulikana kwamba Marekani itachukua Wakongo wa Nyarugusu kwa wingi, zaidi ya watu 30,000, kambi nzima iligeuka darasa la kujieleza. Kesi yako inasemaje? Nani anapita, nani anarudishwa? Hakuna aliyetuambia vigezo kwa lugha ya kueleweka, basi vigezo vikatungwa bombani. Leo ilisemwa wajane wanapita haraka, kesho ikasemwa Banyamulenge ndio wanaotakiwa, keshokutwa ikasemwa wenye watoto wengi wanachelewa. Kwa hiyo wapo waume waliokufa kwenye karatasi na jioni wako kwao wanakunywa uji. Wapo watoto wa shangazi waliogeuka watoto wa tumbo. Wapo watu waliobadili kabila, kisha tetesi zikabadilika wakataka kurudi kwenye lile la zamani, wakakuta kompyuta haikubali. Tulicheka, lakini fikirini: mtu mzima anakaa usiku na mkewe kwenye kibatari wanapanga wao ni nani, na asubuhi mtoto wa miaka sita anafundishwa asikosee akiulizwa. Januari 2025 Marekani ikasimamisha mpango wenyewe. Kuna nyumba ninayoijua ilikwisha kuuza hadi sufuria. Sasa wanakula kwa zamu ya sufuria ya jirani, na wamebaki na yule mtu waliyemtunga.

Machi 2023 walianza kuingia wapya, wengi wakitoka Kivu ya Kaskazini. Kirundi nimejifunza kwa majirani, na Kinyarwanda hakiko mbali, basi nikajitolea siku chache kusaidia kutafsiri. Fomu iliuliza mtu ametoka eneo gani, basi. Akaja bibi mmoja, kitenge amejifunga kifuani, miguu imevimba. Nilimtazama pua, nikitafuta kama ni Mnyarwanda. Nawaambieni ukweli, nilimtazama pua kwanza kabla ya miguu. Nikamuuliza, na swali hilo halikuwa kwenye fomu: "Wewe bibi ni Mkongo wa wapi?" Nililiuliza kwa sauti ile mnayoijua, ya mtu ambaye jibu analo tayari.

Akasema, "Nimezaliwa Masisi. Mama yangu kazaliwa Masisi." Kisha akaniuliza, "Na wewe mwanangu, umezaliwa wapi?"

Nikasema, "Hapa Nyarugusu."

"Kongo umefika?"

"Sijafika."

Bibi akacheka mpaka akashika mbavu. "Basi hapa tulipo, Mkongo ni mimi."

Kijana aliyekuwa anaandika, Mtanzania, akacheka naye, nami nikacheka kwa kuchelewa. Usiku sikulala vizuri. Nilikuwa nimekaa upande wa pili wa dirisha kwa siku tatu tu, bila hata kitambulisho cha kuvaa shingoni, na tayari nilikuwa nimeshaanza kupanga watu. Kwa hiyo nikisema habari ya makarani siwasemi kama watu wabaya. Meza yenyewe ina jambo lake. Ukikaa nyuma yake, na karatasi unaiona wewe peke yako, unakuwa mtu wa namna fulani, uwe Mbembe, uwe Mha, uwe umetoka Geneva.

Darasani kwangu kuna mvulana baba yake Mrundi, mama yake Mkongo. Walioana hapahapa, sherehe nilihudhuria. Warundi walikuwa na shule zao kwa mtaala wa Burundi na sisi zetu, kwa hiyo ilibidi achaguliwe awe nani ili ajue aende kushoto au kulia asubuhi, na akachaguliwa kuwa wa mama. Hiyo ilikuwa rahisi. Mwaka 2019 serikali mbili, ya Tanzania na ya Burundi, zilipotangaza kwamba Warundi wataanza kurudishwa kuanzia Oktoba, 2,000 kila wiki, yule mvulana alikuja kuniuliza baada ya kipindi: "Mwalimu, mtu akiwa nusu anarudishwa upande gani?" Aliuliza kama anauliza sehemu za hesabu. Baba yake bado yupo, lakini kila tangazo likija mkewe anakunja nguo zake kando, mafungu mawili. Hajui jina la nani liko wapi. Wapo majirani wanaosema mume amejiandikisha kurudi kwa siri, wapo wanaosema mke ndiye kamwandikisha. Ndoa nzima inakaa juu ya karatasi ambayo haijaonekana.

Haya, ombi langu. Bandikeni orodha.

Najua mtakaloniambia, maana nimeshawahi kuliambiwa: usalama, siri za watu, tutaleta vurugu. Kuna orodha ambazo hazipaswi kuonekana na mtu, nami ningekuwa wa kwanza kuzichana zikionekana. Mwanamke aliyevamiwa alipokwenda kuokota kuni, jina lake lisisomwe popote. Mgonjwa, aliyekimbia watu wa nyumbani kwake, mwenye kesi ya ulinzi, hao waacheni kwenye kabati lenye kufuli. Mimi nasema habari ya turubai. Nasema nafasi za motisha, nani ameomba, nani ameitwa, nani kapata. Nasema mbao za kujengea, vyandarua, nafasi za mafunzo ya ushonaji na useremala, zamu za ukarabati wa vyoo. Vitu ambavyo mtu akivipata vinaonekana juani. Turubai jipya linang'aa toka mbali! Siri gani ipo hapo, isipokuwa siri ya namna lilivyopatikana?

Majina yakiwatia hofu, wekeni namba za kadi. Mama yangu siku aliyozaliwa haijui, lakini namba ya kadi yake anaitaja kama sala, hata ukimwamsha usiku wa manane. Kila mtu hapa anaijua yake na haijui ya jirani. Wekeni namba, wekeni tarehe iliyoingia, wekeni kwa Kiswahili na Kirundi sababu ya hii kutangulia ile: nyumba imeanguka, kuna mlemavu, kuna mtoto mchanga. Mjane wa ng'ambo ya njia angeisoma, au angesomewa na mtoto wake, akaona yeye ni wa 14 na mama ni wa 9, au kinyume chake. Kama ni kinyume chake angekuja kunitukana mlangoni kwa haki, nasi tungejua tunagombania nini.

Kwenu viongozi wa vijiji na zoni, wazee wangu, hapa nawaomba kwa adabu lakini sifichi. Mnajua kwamba nguvu mliyonayo ni hiyo karatasi. Motisha hamna ya maana, gari hamna, sungusungu wanawatii nusunusu. Mna kujua jina la nani limepanda. Nikiwaomba muitundike nawaomba mjivue. Lakini angalieni pia mnavyoishi. Kila mwenye paa bovu anawachukia, mliyemsaidia anaona mmelipa deni la ukoo, na mvua ikinyesha mnakaa ndani kama wezi. Yule mwenyekiti niliyemchagua mwenyewe aliniambia juzi kwamba hachoti maji mchana tena. Anamtuma mtoto.

Na kile kisanduku cha kabila kwenye fomu, popote mnapokiuliza. Sisemi mkifute. Wapo waliokimbia kwa sababu ya kabila lao, na hilo lazima liandikwe la sivyo hadithi yao haina miguu. Ninachotaka ni karani akifika pale anyanyue macho aseme, nauliza hili kwa sababu hii, na litakwenda kwa fulani, wala halihusiani na turubai. Sentensi moja. Mkikaa kimya hapo, mtu anajaza ukimya kwa mjomba wake.

Mimi jina langu siliweki, lile la M moja wala lile la M mbili. Nina kesi ofisini, mama ana kadi, na mwalimu wa motisha anaondolewa bila barua. Kwa hiyo msinitafute ili mnijibu. Majibu yabandikeni kwenye ubao wa mbao pale kituo cha kugawia posho, ule ambao sasa una tangazo la chanjo lililofifia na misumari mingi isiyoshika kitu. Upande wa kushoto mvua inapiga. Bandikeni kulia.

Mwalimu wa jiografia,
Nyarugusu